Kioo Nilichokificha Upenuni

Kisa hiki kimenigharimu miche sita ya sabuni na kioo cha kunyolea; nimehesabu mara mbili.

Sabuni ilikuwa imeadimika Babati, nami niliificha yangu chini ya kitanda. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amekataza kuchunguliana, kwa hiyo nikatega kioo upenuni, katikati ya majani, ili nilinde lango nikiwa nimelala. Mchana mawingu yalielea humo, na jirani yangu Mama Paulo alipita taratibu kama mtu atembeaye majini. Nilisinzia kwa raha.

Jana akaja na balozi, akaniambia:

"Baba Neema, ukituona kiooni, nasi tunakuona. Unahesabu miche sita kila siku, tena mara mbili!"

Wakaigawa kwa mtaa mzima, na kioo wakakichukua.

Nishaurini, wasomaji: nimwombeje Mama Paulo kipande? Shati langu linanuka.