Folda Iliyofichwa

Miaka ile flashi zilipoanza kuenea nilikuwa na stesheneri mtaani Izia, na kichwa kilinivimba kwa sifa za kusafisha virusi kwenye flashi za watu. Mwenzangu aliyeishi mji wa Matai, niliyekuwa najenga naye tovuti mpya, hakuwa hata na kompyuta yake, alitumia za kukodi. Kazi yote aliiweka kwenye flashi, akanitumia kwa basi. Nilipoichomeka nikaona folda iliyofichwa. Kwangu mimi, kilichojificha kilikuwa kirusi tu. Nikaifuta, mjinga mimi, hata sikumuuliza.

Mchana akapiga simu. "Kaka, ukurasa wa mbele nimeuharibu, lakini usijali. Safari hii nimeweka programu inayotunza kila badiliko. Kuna folda imefichwa humo, ndimo zilimo kurasa zetu zote za zamani."

Nikamwambia flashi yake sasa ni safi kabisa.