Vipepeo Niliowaanika

Mzee wa Kizungu niliyekuwa nikimhudumia kule Croydon, Landani, alikuwa na boksi moja la vipepeo wakavu waliochomekwa sindano, na kwake lile boksi lilikuwa na thamani kuliko nyumba. Aliwakamata ujanani, kwenye nyika kavu za kwetu Dodoma, alikokuwa bwana mifugo. Si vipepeo wa kutazamwa. Wadogo, wa kahawia, wanene mwili kama nondo, wa kurukaruka chini chini kwenye nyasi zilizokauka. Mimi nimechunga mbuzi huko utoto wangu wote na sikuwahi kuwaona. Nilipomwambia hivyo alinicheka, kwa Kiswahili chake cha zamani, akasema macho ninayo ila ni ya kutazamia mbuzi tu.

Alisema ukoo wa vipepeo hao ni mdogo, una aina chache, na watu wa makumbusho wamekubali kuja kuwachukua Alhamisi. Binti yake alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kwamba akili ya baba imeruka. Mzee alitaka mtu mmoja msomi aje, aione kazi yake, aongee naye kama mtu mwenye akili timamu. Basi.

Jumanne, nikifuta vumbi, niliona unga unga chini ya zile sindano na kijidudu chenye manyoya kinatembea. Nikajua wamebunguliwa. Sasa mtu wa kwetu akiona mahindi yamebunguliwa anafanya nini? Anaanika. Jua lilikuwa kali, jambo ambalo Landani si la kila siku, nikafungua kifuniko cha kioo nikaliweka boksi juu ya meza bustanini. Yangekuwa mahindi ningekaa na fimbo nifukuze kuku. Croydon nani ana kuku? Nikaingia ndani kumbadilisha mzee soksi.

Niliporudi, ndege mmoja mweusi kwa mweupe, mwenye mkia mrefu, alikuwa kasimama katikati ya boksi, katulia kama mgeni mwalikwa. Zilibaki sindano, vikaratasi vya majina na mabawa mawili matatu. Jamani! Nilikaa kwenye majani nikalia.

Nilimwambia siku ileile, maana mimi uongo hunitoka usoni. Chai yake hakuinywa. Nilimwomba radhi, kisha nikamwambia na lile lililokuwa likinikaba: kampuni iliyoniajiri ikisikia, kazi sina.

Alhamisi akaja mama wa makumbusho. Alifunua boksi, akatutazama. Nikafungua mdomo, mzee akaniwahi.

"Niliwatoa nje mwenyewe," alisema kwa Kiingereza, wazi kabisa. "Nilidhani bado wazima. Nilitaka waruke."

Yule mama aliinama akamshika mkono, akamwambia si kitu, kwa ile sauti ya kubembelezea watoto. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza mzee amekuwa hivi tangu lini.

Mungu anisamehe, nilimjibu. Nikasema tangu Krismasi.