Mdogo Wangu Hakuwa Bwana Shamba

Asubuhi ya mazishi ya mdogo wangu, baba mdogo alinisomea wasifu wa marehemu kabla ya kuusoma mbele ya watu. Ulisema alikuwa bwana shamba.

"Hakuwa bwana shamba," nikamwambia.

"Si alisoma kilimo chuo kikuu?"

"Uchumi wa kilimo."

"Kilimo ni kilimo, mwanangu. Mvua hiyo inakuja, usitucheleweshe."

Mimi niliishia darasa la saba, lakini hilo nililijua, maana nilimwona mdogo wangu akihangaika nalo miaka yote. Kila likizo akirudi kijijini kwetu Masoko, watu walimletea majani ya kahawa yenye madoa, wakitaka dawa. Alipomaliza chuo, serikali ilikuwa haiajiri tena kama zamani, na chama cha ushirika alichokitegemea kilikuwa kinakufa huku wanunuzi binafsi wakipita na malori yao hadi milangoni. Akafanya kazi kwa mnunuzi mmoja wa kahawa, kisha benki, kwenye mikopo ya wakulima. Nyumbani wakasema elimu imepotea, bwana shamba gani anavaa tai.

Hata mimi sikuielewa kazi yake, mpaka siku alipomuuliza mama kwa nini anauza ndizi kwa watu wa lori wakati sokoni Tukuyu bei ni nzuri zaidi.

"Gwe, wewe mtoto, lori linanifuata hapa," mama akasema. "Sokoni nazibeba mimi, na kichwa ninacho hiki kimoja."

Mdogo wangu alicheka, kisha akanigeukia. "Dada, hiyo ndiyo kazi yangu. Kujua kwa nini. Wakubwa wanadhani mkulima hajui bei."

Kaburini baba mdogo akasoma vilevile: bwana shamba. Nikasimama. Kwetu dada wa marehemu analia, hasahihishi wasifu, lakini sikutaka azikwe na kazi ya mtu mwingine. Nikasimulia habari ya lori na kichwa cha mama. Watu wakacheka kidogo. Mama, kwenye mkeka wake, akaitikia kwa kichwa.

Baba mdogo alingoja nimalize. "Ndaga, mwanangu," akanishukuru, kisha akawageukia watu. "Basi, marehemu alikuwa bwana shamba wa kuuliza maswali."

Nikakaa. Sikuwa na nguvu ya kubishana tena. Walipoanza kufukia, jirani aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza akiuliza kama marehemu aliacha dawa yoyote ya kahawa.

Nikamwambia hakuacha. Hapo ndipo jirani alipoanza kulia.