Gauni la Njano la Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Subiri, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka kila alipoinua kamera. Subiri kidogo, shusha kidevu. Subiri, huyo nzi apite. Hata siku ya harusi yake alimwambia bibi harusi asubiri, kuna mwanga mzuri unakuja. Bibi harusi akasubiri, akaolewa hivyo hivyo, na sasa ndiye anayehifadhi picha za studio yao na kupiga kelele kompyuta inapojaa pomoni.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu. Subiri alipenda faili ghafi, lile zito linalobeba kila kitu kamera ilichokiona. Mkewe alitaka jepegi, faili jepesi ambalo kamera yenyewe huchagua cha kubakiza na kutupa kilichosalia.

"Safari hii jepegi," alimwambia akimfungia begi. "Ukiniletea tena mizigo yako, mtahamia varandani, wewe na kompyuta."

"Nimekusikia, mke wangu."

Kumsikia, alimsikia kweli. Siku mbili alipiga picha za madaraja ya zamani kwa ajili ya kalenda, zote nyeusi na nyeupe, zote jepegi. Siku ya tatu akapitia kwa mama mkwe, baada ya kumbembeleza miaka minne mpaka akakubali kupigwa picha. Mama huyu alifagia korido za hospitali miaka thelathini na moja ndani ya ovaroli ya kijivu. Picha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ya kitambulisho cha kazi, amenuna utadhani anaumwa jino. Sasa amestaafu, na amejishonea gauni la njano.

"Nakaa mara moja tu," alisema. "Na hii njano isipoonekana, mwanangu, hiyo picha usiniletee."

"Itaonekana, mama. Subiri kidogo."

Alipomwona mkwe wake, mtu mzima na ndevu zake, amelala kifudifudi sakafuni akitafuta pembe, mama akaangua kicheko. Subiri akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Akaaga na kwenda zake stendi akirukaruka. Huko akawasha kamera ili ajipongeze.

Kijivu! Gauni kijivu, pazia kijivu. Alisahau kuiondoa kamera kwenye nyeusi na nyeupe. Na kabla hajaona ni faili la aina gani, betri ikazima, chaja iko nyumbani.

Akapanda basi akiwaza. Kama alirudi kwenye faili ghafi, rangi zote zipo, kioo cha kamera tu ndicho kilichomwonyesha kijivu. Kama aliiacha kwenye jepegi, kamera imeshazitupa, na hakuna fundi wa kuziokota. Alibadilisha au hakubadilisha? Alikumbuka kugusa kitufe. Alikumbuka pia kujikuna pua. Kwa muda wa saa nne njiani alijishtaki, akajitetea, akajisamehe, akajishtaki upya, mpaka abiria wa kando akamuuliza kama ana homa.

Nyumbani alimpa mkewe kadi ya kamera bila hata salamu.

"Mama alipendeza?"

"We chomeka tu."

Akageukia ukuta, hakuthubutu kutazama.

"Wewe bwana," mkewe akasema, "kumbe hukunisikiliza!"

"Eti nini?"

"Hili faili zito kama gunia la saruji!"

Akalifungua, na njano ikajaa kioo kizima. Subiri akapiga yowe, akamnyanyua mkewe juujuu, wakazunguka, wakaangusha taa ya studio, mshonaji wa mlango wa pili akaja mbio na sindano mdomoni. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu, na habari za varandani zikafa hapo hapo.

Jumapili wakampelekea mama picha kubwa, ndani ya fremu. Aliishika kwa mikono miwili, akaikodolea macho, na Subiri akaanza kuogopa upya. Mama akapitisha kidole kwenye upindo wa gauni, kisha usoni, kwenye kile kicheko.

"Kumbe nina meno mazuri hivi?" alimuuliza binti yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujisumbua kuyafuta. Kisha akamgeukia mkwe. "Kamera umekuja nayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi subirini. Nikavae la zambarau."