Feni ya Pikapu ya Baba

Wiki iliyopita nilimkuta jirani yangu hapa Kiembe Samaki amelala chali chini ya dashibodi ya pikapu yake kuukuu, miguu imetokeza nje ya mlango, anagonga kitu kwa mpini wa bisibisi. Feni ikakohoa, ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Harufu ikanifikia pale niliposimama: vumbi la miaka, majani makavu na waya ulioungua. Nikakaa juu ya tofali. Jirani akachungulia. "Mzee, vipi, sukari imeshuka?" Nikamwambia hapana, endelea na kazi.

Wewe uliyekulia mjini enzi zetu utakumbuka nyua za nyuma ya Darajani. Wetu ulinuka mandazi ya bibi asubuhi na oili chafu mchana, na siku nzima ulisikia mafundi wa masanduku wakipigilia misumari ya shaba. Katikati ya uwanja ilikaa pikapu ya Baba, aliyokuwa akibebea nazi na ndizi kutoka kusini. Ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, kwa hiyo ilikuwa na hita. Hita tulikwisha kuifunga zamani. Nani Unguja anataka kupulizwa hewa ya moto? Lakini feni ya hita hiyohiyo ndiyo iliyopeleka upepo kwenye kioo cha mbele, na mvua ikinyesha, kioo kisipopata upepo hujaa ukungu, dereva asione hata pua ya gari lake.

Feni ilipokufa, kazi yake tulipewa sisi watoto, mimi na binamu yangu. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu aliyefariki Makunduchi, na bibi ndiye aliyeng'ang'ania aletwe mjini. Tulikaa mbele na vitambaa, tukifuta kioo kwa zamu. Ukungu ukirudi upande wa Baba, kofi la mgongo wa mkono lilikuja bila yeye kuondoa macho barabarani. Langu lilikuwa jepesi. La binamu yangu lilitoa damu ya pua.

Binamu yangu alitaka shule. Alijifunza kusoma kwenye vitabu vyangu, akanipita, na mimi nilimchukia kwa hilo. Nilimwita mshamba, nikaiga lafudhi yake mbele ya watoto wa mtaa mpaka wakashika mbavu. Bibi alimwekea ukoko wa wali chini ya kawa, nami nilikuwa nauiba.

Jioni moja fundi wa mtaa aliitazama feni, akasema haina maisha, na spea wakati ule hazikuwepo. Baba alikuwa barazani na wenzake. Binamu yangu akasema kwa sauti ndogo kwamba angependa kujaribu. Baraza zima likacheka.

"Sikilizeni, shamba nako kuna mafundi!" Baba akasema. "Haya bwana fundi. Ukiitengeneza, shule zikifunguliwa nakupeleka pamoja na huyu mwanangu. Ukishindwa, unarudi Makunduchi ukachunge mbuzi."

"Naam, Mjomba."

Nilimshikia tochi, ndiyo maana najua alivyofanya. Alianza na fyuzi. Akaihamishia kwenye honi, honi ikalia, kwa hiyo fyuzi ilikuwa nzima. Akairuka swichi, akavuta waya kutoka kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye mota. Kimya. Akagonga mota kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka nusu, ikafa. Akatabasamu, kinywa kimejaa vumbi na mavi ya mende yaliyomdondokea. "Haijafa," akaniambia. "Inataka kaboni tu."

Kaboni ni vile vijiwe vidogo vyeusi vinavyopitisha umeme ndani ya mota. Vya feni yetu vilikuwa vimelika vikaisha. Akaenda majalalani nyuma ya soko, akaokota betri za tochi zilizokufa, akazipasua, akatoa vijiti vyeusi vya kaboni vya katikati. Alivisugua kwenye kizingiti cha mawe cha bibi, akavipima, akavisugua tena. Cha kwanza kilikatika. Baba akawaita wenzake waje kuona. "Mbuzi wanakusubiri!" wakamwambia. Alisugua mpaka ngozi ya vidole ikachubuka.

Feni ikazunguka. Ilipiga kelele kama kinu cha kahawa, lakini upepo ukatoka, na bibi akapiga vigelegele peke yake uwanjani.

Siku zikapita, Baba hakutaja shule. Binamu yangu akanivuta pembeni. "Mkumbushe baba'ko. Mimi nikisema ataona nnamdai. Wewe anakusikiliza."

"Nshasikia," nikamwambia. Sikumkumbusha.

Mwisho bibi mwenyewe akalitaja, tumekaa kwenye sinia. "Mwanangu, uliahidi."

"Nilimwambia akishindwa anarudi shamba," Baba akasema. "Kashindwa? Hakushindwa, na hakurudi. Sasa mtoto mwenye mikono kama hii nimpeleke shule wakamharibu, gari langu atengeneze nani?" Akanigeukia. "Ama wewe ulisikia vyengine?"

Binamu yangu alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika tonge bila kulila. Nilijua kwamba neno langu moja lingetosha, kwa kuwa Baba hakupenda kuaibika mbele yangu. Nilijua pia kwamba tukiingia darasani pamoja, mimi ndiye nitakayekuwa mjinga wa nyumba.

"Sikusikia, Baba," nikasema.

Binamu yangu akala lile tonge.

Uwanja wetu sasa ni hoteli. Wageni wanakunywa juisi pale alipolala chini ya gari. Baba na bibi wametangulia. Binamu yangu naye alitangulia, baada ya umri mzima chini ya magari ya watu, na hakuwahi kunitajia lile sinia, wala mimi sikuwahi kumwomba radhi. Mara nyingi nilikaribia, kisha nikamuuliza habari za watoto.

Siku shule zilipofunguliwa mwaka ule, mvua ilimwagika. Baba alishika usukani, binamu yangu akakaa katikati, mkono kwenye swichi, mimi dirishani na shati jeupe. Kioo kilikuwa safi njia nzima, na hakuna aliyepigwa. Tulipofika niliona kila kitu kupitia kioo kile: lango, kengele, watoto wanakimbia na mabegi vichwani. Na yeye aliona.

Nikashuka. Akasogea, akakaa mahali pangu.

"Nenda," akaniambia. "Unarowa."