Karori Aliyengoja Studio

Ipo asubuhi moja ya Jumapili ambayo bado naikumbuka, mwanangu, na leo umenilazimisha kuisimulia. Umekuja tena, umeketi, umekunywa chai yangu, ukaanza yaleyale: Kigali ni ghali, kodi inapanda, bora kubaki kwa baba kwanza, wanunuzi wenye nyumba nzuri wanataka picha inayofanana na makochi yao. Nimechoka, Keza. Si kwamba unasema uongo. Nimechoka kwa sababu sikumbuki ni lini nilikuona mara ya mwisho ukiwa na rangi kwenye vidole.

Sasa nisikilize. Ujanani nilipanga chumba mtaa wa Nyakabanda, hapa Kigali, pamoja na rafiki yangu Karori. Tulikuwa tumelelewa jirani kule Uganda, mama yake akinilisha kama mwanawe. Chumba chetu kilipakana na mafundi wa kuchomelea vyuma, kutwa makelele. Mimi nilichora mabango ya saluni na maduka, kisha nikachora picha zangu mwenyewe. Karori alinizidi mbali, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Akichora mkono, ulijua kama mwenye mkono ule ni mkulima au ni mtu wa ofisini.

Lakini kelele zilimshinda. Kaka yake akamwita ahamie mtaa wa Kagarama, kwenye nyumba kubwa aliyokuwa akiishi na mama yao. Maji ya moto, chakula mezani, na studio angejengewa uani.

"Mambo yakikaa sawa, nitaanza kuchora kweli," aliniambia.

Jumapili ile niliyoitaja nilikwenda kuwasalimu. Nikamkuta mama amevaa umushanana wake, lile vazi letu la sherehe, ameketi barazani, mgongo umenyooka. Alikuwa amemwomba Karori amchore.

"Mama, ngoja kwanza studio iishe. Hapa mwanga iko mubaya," Karori akasema, gazeti mkononi.

"Mwanga huu ndio unaoniona nao kila siku," mama akamjibu.

Nikajitolea nimchore mimi. Akacheka, akanishika bega. "Asante, mwanangu. Lakini mimi nataka ya Karori."

Tulikaa pale mpaka jua likawa kali. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha kila siku, akaanza kupanga sahani za chakula cha mchana. Hakulitaja tena jambo lile.

Msimu wa mvua uliofuata aliugua, na hakupona. Studio ilikuwa imekwisha, ina madirisha makubwa kama Karori alivyotaka, na ndani mna mifuko ya saruji na viti vibovu. Siku ya mazishi, picha iliyowekwa mbele ya jeneza ilikuwa ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka uso haueleweki. Karori alisimama mbele yake kitambo. Halafu akanigeukia.

"Sikumbuki vizuri mdomo wake ulikuwaje. Wewe unakumbuka?"

Nilikumbuka.

Mpaka leo Karori huja kwenye maonyesho yangu, suti safi, ananionyesha nilipokosea, na kila mara huwa amesema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi! Jicho lile lote, na hakuna hata picha moja ya kuonyesha.

Basi, mwanangu, shika haya. Mji huu hautakupunguzia bei, na raha ya nyumbani kwa baba yako haitakufukuza uende ukafanye kazi. Chora mabango upate kodi, si aibu. Ukibanwa, chora hata hiyo picha ya makochi, ila usiishie hapo. Tafuta kona, hata kama ni jikoni, uchore unachokipenda kabla hujaridhika na mwanga. Anza na watu ambao hawatakungoja. Na ukirudi hapa, njoo na kitu nikitazame, hata kiwe kibaya. Malalamiko yaache huko huko.

Mungu akupe mikono isiyoogopa kukosea. Awape wazazi wako umri mrefu, na wewe akupe haraka ya kuwatazama.