Meno ya Maji ya Kisima

Juzi hapa nyumbani Garissa nilimkuta binti yangu amelala kifudifudi mkekani na simu yangu, anacheka mpaka anakohoa. Nikachungulia. Wallahi, ilikuwa ile katuni ya familia yenye vituko, kipindi kile cha mashindano ya urembo ya watoto, mama anampaka mwanawe rangi mpaka paka wa nyumbani anamkimbia. Nikaketi karibu naye, chai yangu ikapoa.

Sisi utotoni tuliiona kwa jirani, muuza vitambaa, mwenye televisheni pekee mtaani. Tulijazana sakafuni na anjera, zile chapati laini, zenye samli na sukari, vidole vinanata. Kwenye katuni alishinda aliyetabasamu kuliko wote, na hapo nikakosa raha. Mimi nilizaliwa mbali, upande wa Kutulo, nikanywa maji ya kisima miaka saba kabla ya kuletwa mjini kusoma, na maji yale yaliyageuza meno yangu kahawia. Wenzangu waliokunywa maji ya Mto Tana walikuwa na meno meupe pe. Shuleni nilicheka nimefunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

Kesho yake wasichana tukaandaa mashindano yetu uani. Taji lilikuwa la karatasi za peremende. Tulijipaka qasil, ule unga wa majani wa kusafishia uso, mpaka tukawa kijani kibichi. Jaji akawa ayeeyo, nyanya yangu, aliyekuwa akiuza mbuzi soko la mifugo. Usinicheke, lakini nililitaka lile taji. Nilitaka mtu mmoja aseme mbele ya wote kwamba mimi ni mrembo, na nilipanga kushinda mdomo ukiwa umefungwa.

Shida ni kwamba ayeeyo hakuwahi kuona mashindano ya namna hiyo. Urembo aliojua kuupima ni wa mbuzi. Alituambia twende mpaka kwenye ua wa miiba turudi, akakagua miguu. Akatupapasa migongo. Halafu, ole wangu, akaanza kufunua midomo kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine, kama afanyavyo sokoni kujua umri wa mnyama. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikabana midomo, machozi yananilengalenga, lakini kidole kile hakikushindwa na mtu. Wenzangu walisogea karibu wakingoja kucheka.

“Huyu mtoeni,” akasema. “Huyu siuzi. Meno haya ni ya maji ya kisima chetu. Hata akipotea Mandera, nitamjua.”

Taji likaenda kwa binti wa jirani, kwa sababu ya miguu yake. Mimi nililia mpaka macho yakavimba, nikasusia chakula, nikiamini ayeeyo ameniaibisha. Ujinga wa utoto huo.

Ua ule haupo tena, pamejengwa maduka, na jirani alishahama. Nilipopata kazi Nairobi, kitu cha kwanza nilikimbilia kwa daktari wa meno. Yakawa meupe. Nikarudi nyumbani nikitabasamu tangu mlangoni, mdomo wazi, mtandio mabegani. Ayeeyo alinishika kidevu, akanifunua mdomo kwa kidole gumba kama zamani, akatazama kwa muda. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, mimi ni binti wa nani.

Watu wa nyumbani walisema ni uzee tu, na huenda ni kweli. Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule, na hakuwahi kuniita jina langu tena. Namkumbuka sana.

Binti yangu amekulia maji ya mto. Juzi alipomaliza katuni aliniuliza kama na mimi niliwahi kushindana, nikamsimulia yote. Akaomba kuyaona hayo meno. Nikafungua mdomo, akachungulia kila upande, akaniambia hayapo.